Mtoto Aliyesokota Uzi kwa Kushoto

Mwanangu, iko siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu. Ni siku ambayo kiondo cha mama mkwe wangu kilianza kulegea kikiwa mikononi mwake, mbele ya kina mama wote wa mwethya, na hakuna hata mmoja wetu aliyejua ni kwa nini.

Mwethya ndicho kikundi chetu cha kazi. Leo tunachimba matuta kwa shamba la huyu, kesho kwa shamba la yule, na jua likiwa kali tunakaa kwenye kivuli cha ghala tunasuka viondo, vikapu vyetu vya mkonge. Ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni, huku kwetu Kalamba. Ninasema kwetu, lakini mimi nilizaliwa Migwani, ng'ambo ya Kitui huko, nikaja huku kuolewa. Shule niliyosoma iliishia darasa la tatu, kwa hivyo usishangae nikiandika kama ninavyoongea. Majina lakini sijasahau hata moja. Siku hiyo walikuwako Mbithe wifi yangu, Kalekye mwenye duka, Ndunge mke wa fundi wa baiskeli, na mama mkwe, ambaye jina lake lilikuwa Kamene.

Ngoja nieleze hapa, usije ukachanganyikiwa kama nilivyochanganyikiwa mimi. Kwetu Ukambani msichana wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake. Basi mtoto wangu wa kwanza naye alikuwa Kamene. Mama mkwe hakumwita hivyo. Alimwita Wajina, na mtoto naye akamwita nyanyake Wajina, wakawa wanaitana hivyo mchana kutwa kama ndege wawili juu ya paa. Na mtu akishakuwa wajina wako, kila anachofanya ni kama umekifanya wewe. Akikimbia mbio kuliko wenzake, unasema ameniiga mimi. Akiiba sukari, watu wanakutazama wewe.

Mwaka huo Kamene mdogo alikuwa ameanza darasa la kwanza. Meno ya mbele yalikuwa yameng'oka, akicheka unaona pengo tu. Msichana akifika umri huo wa kung'oka meno, kwetu ndipo anapoanza kusokota uzi. Anapewa nyuzi za mkonge zilizokwanguliwa na kuanikwa, anaonyeshwa paja la mama yake, anaambiwa, "Tazama." Hakuna somo lingine. Anajipaka majivu pajani, anaweka nyuzi mbili, anazivingirisha kwa kiganja kuelekea gotini, kisha anazirudisha zikumbatiane. Uzi wa kwanza hutoka kama mkia wa panya. Hatuutupi, hatumcheki sana. Mwezi unaofuata hutoka uzi wa kweli, na siku hiyo donge lake linawekwa pamoja na madonge yetu, wanawake wanasukia. Mtoto akiona uzi wake umeingia kwenye kiondo cha mtu mzima, analala akiwa mrefu zaidi.

Sasa kile kiondo kilikuwa cha heshima. Mbithe alikuwa ameposwa na kijana wa Salama, kule barabara ya Mombasa, na mama mkwe alitaka siku ya kuonana na wakwe binti yake aingie kwao na kiondo ambacho hakijawahi kuonekana kwenye barabara ile. Alikuwa amefika katikati. Akavuta uzi, ukakataa kukaza. Akavuta tena, ukafunguka, ukawa na manyoya kama mbuzi aliyenyeshewa.

"Mkonge huu haukukwanguliwa vizuri," akasema Kalekye.

"Si uliukwangua wewe?" akajibu Ndunge.

"Basi ulianikwa vibaya."

"Na wa kuanika ulikuwa wewe pia."

Tukacheka. Mama mkwe hakucheka. Alifumua mistari ile, akaanza tena, na kesho yake kiondo kikalegea palepale. Hapo kicheko kikaisha. Mbithe akaanza kuwaza ni nani anayemwonea wivu na ndoa yake. Akalichukua donge lile la uzi akaligeuzageuza.

"Donge hili ni la nani?"

"La Wajina," akasema mama mkwe.

Tukageuka wote. Kamene alikuwa amekaa mlangoni, ulimi nje, anasokota. Paja la kushoto, mkono wa kushoto. Tulijua tangu zamani kwamba ni shoto, lakini ilikuwa jambo la kumkumbusha tu wakati wa kula: mkono mwingine, mama, mkono mwingine. Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza watu wazima watano kuutazama mkono wa mtoto kana kwamba ni nyoka aliyeingia nyumbani.

"Huo mkono ndio unaoharibu," akasema mama mkwe.

Unaharibu vipi? Hakuna aliyejua. Na mimi sikujua. Kwangu uzi ni uzi. Nililishika lile donge, nikavuta uzi wake, haukukatika. Ulikuwa imara na laini kuliko wa Mbithe, Mungu anisamehe kwa kusema hivyo. Lakini ukiingia kwenye kiondo unafunguka. Sasa utasemaje? Utasema ni uchawi? Utasema ni mkonge? Niliona kichwa changu kimekuwa kama ugali ambao haujakorogwa.

Mama mkwe akachana ukingo wa leso kuukuu, akaufunga ule mkono wa kushoto ukalala tumboni. "Wajina," akamwambia kwa upole kabisa, maana alimpenda, usidhani hakumpenda, "tutaufunga mpaka usahau."

Kamene akautazama mkono wake. Kwa lugha yetu, mwanangu, mkono wa kulia tunauita mkono wa wanaume, na wa kushoto mkono wa wanawake. Ndivyo tulivyozaliwa tukasikia. Mtoto akauliza, "Wajina, kama huu ni mkono wa wanawake, na mimi ni msichana, mbona mnaufunga?"

Kalekye akakohoa. Ndunge akaokota jembe lake akasema ng'ombe wake hawajanyweshwa. Mama mkwe akafunga fundo la pili.

Shuleni nako mambo hayakuwa tofauti. Mwalimu Mutisya hakuwa mtu mbaya, alikuwa kijana ambaye hata ndevu zilikuwa bado zinajiuliza. Lakini kila Kamene aliposhika kalamu kwa kushoto, rula ilishuka. Alisema ndivyo yeye naye alivyofundishwa. Akatuma neno nyumbani: muhula ukiisha na bado hajaanza kutumia kulia, atarudishwa nasari akakae na watoto wadogo. Mama mkwe alipolisikia hilo akasema kuliko mtu mwenye jina lake arudishwe nyuma mbele ya Kalamba nzima, heri aache shule achunge mbuzi.

Basi hapo ndipo nilipokuwa, mwanangu. Mtoto wangu wa kwanza, ambaye mimi nilitaka avuke lile darasa la tatu lililonishinda, angetolewa shule kwa sababu ya mkono.

Haikupita muda maneno yake yakaanza kukwama. Alikuwa mtoto wa kusema. Sasa akitaka maji anasema "ma, ma, ma," macho yanamtoka, mpaka mimi ninainuka kuyaleta kabla hajamaliza. Akaanza kukojoa kitandani, jambo aliloliacha kitambo. Halafu akaona ni kazi bure, akanyamaza kabisa. Ukimwita anakuja, ukimtuma anaenda. Neno, hakuna.

Nikauliza watu. Ee, niliuliza! Kila mtu alikuwa na jibu, na majibu yalikuwa yanapigana. Kalekye akasema ni maombi, na kina mama wa kanisa wakaja wakamwekea mikono, wakaimba vizuri sana, na mtoto akalala katikati ya maombi. Ndunge akasema nikaze kamba, maana mjomba wake alikuwa shoto akaachwa hivyohivyo, na alipokuwa mkubwa akaiba mbuzi. Mbithe akamuuliza, "Aliwaiba kwa mkono gani?" Ndunge akasema hilo hakuuliza.

Bwanangu Mutua alikuwa akifanya kazi ya rangi Mombasa, anakuja mwisho wa mwezi. Jumamosi alipomwona mtoto akaniambia, "Mfungue huyu, mnamtesa." Nikamfungua. Jumapili baada ya kanisa akakaa na mama yake, akarudi akaniambia, "Mfunge tu kidogo." Nikamfunga. Kidogo ni kiasi gani, hakusema, akapanda basi akaenda.

Na methali, mwanangu! Nilikuwa nimezoea kwamba mtu akikwama, methali inamkwamua. Safari hiyo zilinizamisha. Huyu ananiambia samaki mkunje angali mbichi, nakubali, nakaza kamba. Yule ananiambia akili ni nywele, kila mtu ana zake, nakubali, nalegeza kamba. Mwingine anakuja na mchelea mwana kulia hulia yeye. Zote ni maneno ya wahenga, zote ni za kweli, na mtoto ana mkono mmoja tu wa kushoto. Wahenga wenyewe wangekaa pamoja wakubaliane kwanza, kisha waniite.

Kulikuwa na bibi mmoja mzee sana upande wa chini, karibu na mto. Jina lake Syokau, shangazi ya baba mkwe wangu, na sisi sote tulimwita Susu, yaani nyanya. Macho yake yalikuwa yamebaki kidogo, anaona kivuli cha mtu lakini si uso. Ilikuwa zamu yangu kumpelekea muthokoi, chakula chetu cha mahindi yaliyotwangwa. Nilipoweka bakuli, machozi yakanitoka bila mimi kuyaita, nikamweleza yote: kiondo, kamba, mwalimu, mjomba wa Ndunge, Mutua na Jumapili yake.

Susu akala kwanza. Hakuwa na haraka. Nikadhani hajasikia. Kisha akafuta mdomo.

"Wewe mwana wa Kilonzo," akasema, akinitaja kwa jina la baba yangu kama ninavyotajwa nikikosea, "mbuzi wako akichechemea, unaenda kuuliza kwa Kalekye?"

"La, Susu."

"Unaenda kanisani?"

"La."

"Unafanya nini?"

"Natazama mguu wake."

"Basi mbona mtoto ametazamwa na kila mtu isipokuwa wewe? Umezunguka Kalamba yote ukiuliza mtoto wako ana nini, na mtoto yuko nyumbani. Umewahi kukaa chini ukamtazama akifanya kazi kutoka mwanzo mpaka mwisho, mdomo umeufunga?"

Sikuwa nimewahi. Ni nani mwenye nafasi hiyo? Kuna maji, kuna kuni, kuna mbaazi, kuna mtoto wangu wa pili mgongoni. Mtoto mkubwa unamwona ukipita.

"Lakini Susu, mkono wa kushoto ni mbaya au si mbaya?"

"Nitajuaje?" akasema, na akakasirika kidogo. "Mimi si Mungu. Mimi ninakuambia utazame. Na usimrekebishe. Ukimrekebisha utakuwa umejitazama wewe."

Nilitoka hapo nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyoingia. Nilikuwa nimeenda kutafuta dawa, nikapewa kazi.

Siku ya soko mama mkwe alikwenda na Mbithe kuuza kunde. Shule zilikuwa zimefungwa siku hiyo, sikumbuki kwa nini. Nikamfungua Kamene mkono, nikamwekea rundo la mkonge, nikamwambia, "Jitengenezee kiondo chako." Akanitazama kuona kama ni mtego. Nikakaa karibu naye na uzi wangu, mtoto mdogo akiwa mgongoni, mdomo nikaufunga.

Mwanangu, kukaa bila kumrekebisha mtoto ni kazi kuliko kuchimba matuta. Alianza kusokota kwa kushoto, nikauma ulimi. Akaanza kitako cha kiondo, na badala ya kuzunguka upande tunaozunguka sisi, akazunguka upande mwingine. Mkono wangu uliinuka wenyewe kumzuia. Nikaurudisha. Nilisikia sauti ya Susu: utakuwa umejitazama wewe. Nikatulia, nikatazama kama ninavyotazama mguu wa mbuzi.

Kitako kikaanza kukua. Kwanza kama shilingi, kisha kama kifuniko cha sufuria. Na kilikuwa kimekaza.

Nikavuta kipande cha uzi wake nikakilaza kando ya wangu juu ya goti. Hapo ndipo nilipoona kitu ambacho nilikuwa nimekishika mikononi siku zote hizo bila kukiona. Misokoto ya uzi wangu ililala kama mvua inayosukumwa na upepo kutoka upande wa Kitui. Misokoto ya uzi wake ililala kama mvua inayosukumwa kutoka Machakos, upande wa pili kabisa. Nikachukua uzi wake nikausuka kwa mzunguko wangu: ukafunguka, ukatoa manyoya, kama tu kwenye kiondo cha mama mkwe. Nikachukua wangu nikausuka kwa mzunguko wake: nao ukafunguka. Kumbe kila mmoja alikuwa na uzi mzima. Kilichokuwa kinafumua ni kuchanganya.

Usidhani nilielewa yote. Mpaka leo siwezi kukuambia vizuri kwa nini mkono ukibadilika na msokoto unabadilika. Najua tu niliona. Na nilipokuwa bado nikizitazama zile nyuzi mbili gotini, Kamene akasema, bila kuinua kichwa, "Mama, yule mbuzi mweusi anakula leso yako."

Maneno yote yakafuatana. Hakuna hata moja lililokwama. Nilimwacha mbuzi ale leso. Niliogopa kuinuka, nisije nikayatisha maneno yakarudi yalikotoka.

Mama mkwe alirudi jua likiwa limeanza kulegea, ameshika kuku mmoja aliyemnunua sokoni. Akaona mkono umefunguliwa. Akaona kiondo, kidogo tu, cha kutosha sahani mbili za wimbi. Mimi nikasimama. Nilikuwa nimepanga maneno mazuri ya kueleza habari ya mvua ya Kitui na mvua ya Machakos, yakanitoka ovyo.

"Mwana wa Kilonzo, huko kwenu Migwani ndivyo mnavyosuka? Kinyumenyume?"

"La, mama. Lakini tafadhali kijaribu."

"Nani amekufundisha kufungua fundo langu?"

Sikumtaja Susu. Nikasema, "Mimi mwenyewe, mama."

Akakichukua kiondo. Akakisukuma kwa ngumi ndani, akakivuta ukingoni, akakiinua juu kutazama jua kama linapenya. Kisha akaingia nyumbani, akarudi na wimbi, ile nafaka ndogo isiyosamehe tundu, akaimimina ndani akatikisa. Akatikisa kwa hasira, kwa kweli, kama mtu anayetaka ianguke.

"Wajina!" Kamene akapiga kelele. "Usimwage wimbi, kuku atakula yote!"

Mama mkwe akaacha kutikisa. Akamtazama mtoto. Alikuwa hajasikia sauti hiyo tangu alipofunga fundo, na nadhani alikuwa ameikosa kuliko alivyonionyesha mimi. Chini hapakuwa na punje hata moja. Akakaa juu ya jiwe.

"Sijasema mkono huu ni mzuri," akasema mwishowe, akiniambia mimi na si mtoto. "Nimesema kiondo hakivuji." Kisha akahesabu kwa vidole. "Kula ni kwa mkono wa wanaume. Salamu ni kwa mkono wa wanaume. Mgeni asije akaondoka hapa akisema sikumfunza mtu mwenye jina langu. Hayo mengine..." Akauchukua ule utepe wa leso, akamfungia kuku mguu.

Kwa mwalimu Mutisya tulienda wawili, mimi na yeye. Mimi nilikuwa nimeogopa, maana niliacha shule kabla ya kujifunza kuongea na walimu. Mama mkwe hakuogopa mtu. Alimwekea kile kiondo mezani, akamwambia, "Huyu mtoto akifungwa mkono anafungwa na mdomo. Tumeona. Wewe unataka aandike au unataka aandike kwa mkono unaoupenda wewe?"

Mwalimu akasema inspekta wa shule akija, atakayeulizwa ni yeye mwalimu. Mama mkwe akasema inspekta akija aitwe yeye. Mwalimu akajikuna shingo. Akasema shida nyingine ni kwamba watoto wanakaa watatu kwa dawati moja, na Kamene akiandika kiwiko chake kinampiga wa kando, kila siku kuna vita. Nikasikia sauti yangu ikiuliza, "Si akae mwisho wa dawati, upande wa kushoto?" Akanitazama, akatazama madawati. Akasema hakuwa amefikiria hilo. Hata mimi sikuwa nimefikiria mpaka lilipotoka.

Muhula ukaisha, na Kamene hakurudishwa nasari. Hakuwa wa kwanza, hakuwa wa mwisho. Mbithe alikwenda kuonana na wakwe zake Salama na kiondo cha mama mkwe kilichomaliziwa kwa uzi wangu, na Kamene akabeba chake kidogo nyuma, akiringa.

Ningependa kukuambia kwamba kila kitu kilinyooka. Hakikunyooka. Maneno yake yalikwama tena mara kwa mara, hasa akikasirika, hata alipokuwa msichana mkubwa. Na mimi sijui. Labda ilikuwa ile kamba. Labda ni kwamba mtoto wa pili alikuwa ametoka tu kuzaliwa, akaona amenyang'anywa mgongo wa mama. Labda ni yale meno. Mtoto anakua pande nyingi kwa wakati mmoja, na wewe una macho mawili. Alipofika umri wa kuota matiti akaacha kuniambia mambo yake yote, nikadhani kigugumizi kimerudi, kumbe ni ujana tu, alikuwa anaongea na Mbithe.

Na nikuambie hili pia, kwa sauti ya chini. Mama mkwe alipokuwa mzee sana, siku moja nge alitambaa karibu na mguu wa mjukuu. Aliokota jiwe akamponda kabla sisi hatujageuka. Kwa mkono wa kushoto, pigo moja. Nikamtazama. Akaniambia, "Unatazama nini?" Sikuuliza. Mara nyingine nafikiri nilipaswa kuuliza. Mara nyingine nafikiri nilifanya vizuri.

Sasa sikia nasaha yangu, mwanangu, wewe uliye na watoto au utakayekuwa nao. Mtoto akikushangaza, usikimbilie kumwita mkaidi, wala mjinga, wala aliyelogwa. Uliza watu, ndiyo, maana mtu mmoja halei mtoto. Lakini kabla ya kuuliza watu, kaa naye. Kaa mpaka akusahau, umwone anavyofanya jambo lake kutoka mwanzo mpaka mwisho. Zuia mkono wako. Zuia mdomo wako zaidi. Adabu mfunze, kwa sababu ataishi na watu. Lakini usichanganye adabu na njia ya mtu ya kujifunza, maana hiyo hakuichagua, alikuja nayo. Na ukiona unachanganyikiwa, usione haya. Mzazi ambaye hajawahi kuchanganyikiwa na mtoto wake, mimi nadhani hajamtazama. Lakini ukiwa bado hujui, usifunge fundo. Fundo la kutojua ndilo gumu kufungua.

Njoo karibu. Sisi wazee wa Ukambani hubariki kwa mate, usijifute. Nakutemea kifuani: uwe na subira ya kungoja mvua na ya kungoja mtoto. Watoto wako waseme, na wewe uwepo kuwasikia. Wakuzidi kimo, wakuzidi hekima, na wakikuzidi, wakuinamie kukusalimu. Ukose majibu siku nyingi, lakini usikose kamwe nafasi ya kukaa nao. Mungu akupe macho, na akikuzeesha kama mimi, akuachie angalau majina yao. Thai, neno letu la kufunga baraka.